Msimfanye Mama Mgeni wa Njiti Wake

Mtu akijifungua salama, kwetu kila mmoja anajua kazi yake. Mama yake anashika jiko, shangazi anachemsha maji ya kukanda, mume anahangaika kutafuta samaki wa supu, majirani wanakuja na kanga na sabuni. Mtoto akizaliwa njiti, yaani kabla ya wiki 37 za ujauzito, taratibu hizo zote zinakwama. Mtoto yuko kwenye mashine ya joto, mama yuko wodi nyingine na mishono yake, na ndugu waliofika hospitali wamesimama koridoni hawajui washike nini. Wengine huaga mapema, wakisema watarudi mtoto "akishapata nguvu".

Mwongozo huu ni wako wewe uliyesimama koridoni: mume, mama mkwe, dada, wifi, rafiki wa kazini. Kazi yako kubwa ni moja, nayo ni kumwondolea mama kila kinachomweka mbali na mwanawe, ili mikono yake ipate la kufanya kwa mtoto huyo tangu siku ya kwanza. Mapenzi yatakuja nyuma ya kazi hiyo. Wengi wanadhani mama akishampenda mtoto ndipo atamhudumia. Kwa njiti mara nyingi huanza kuhudumia, na siku moja mama anajikuta hawezi kuondoka pale alipo mtoto.

Wala si jambo la familia chache zenye bahati mbaya. Duniani takriban mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa kabla ya wakati. Kwa mwaka 2020 walikadiriwa kufikia milioni 13.4.

Kwa nini moyo wa mama husita

Mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa na uwezo wa kujitafutia mama. Analia kwa nguvu, anakodoa macho, anashika kidole, analitafuta ziwa. Mama akiitikia, mtoto anatulia, na hapo wawili hao wameshaanza kuelewana. Njiti wa wiki 30 hana nguvu hizo. Kilio chake ni chembamba au hakisikiki, macho ameyafumba muda mwingi, na akishikwashikwa anaweza kubadilika rangi. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio mmoja hukaa sawa kuanzia kama wiki ya 34, kwa hiyo hata ziwa bado haliwezi. Mama anamtazama akiwa na mipira puani na waya kifuani, na moyoni anajiambia kuwa huyu ni mtoto wa hospitali, manesi ndio wanaomjua.

Juu ya hayo kuna kujilaumu. Atakumbuka ndoo aliyobeba, safari ya basi, ugomvi wa nyumbani. Zipo sababu zinazofahamika za uchungu kuanza mapema au kulazimika kumtoa mtoto kabla ya siku zake: shinikizo la damu na kifafa cha mimba, maambukizi, malaria, mapacha. Mara nyingi hakuna sababu yoyote inayopatikana. Mwambie hivyo kwa lugha nyepesi, umwambie zaidi ya mara moja, na wewe mwenyewe usimuulize alifanya nini.

Kuna maneno mengine ya kuacha nje ya lango la hospitali. "Mbona kadogo hivi?" halimsaidii mtu, anaona mwenyewe. "Mungu akipenda utapata mwingine" ni kumzika mtoto aliye hai. Lile la kwamba wa miezi saba hupona kuliko wa miezi minane halina ukweli wowote. Kila wiki anayoongeza tumboni humwongezea mtoto nafasi ya kuishi, na mama wa njiti wa miezi minane hastahili kutishwa na hesabu za barazani. La kusema lipo, tena ni fupi: "Nimemwona. Anafanana na fulani. Twende ukamwone."

Wapo kina mama wanaokataa kwenda. Wanasema wanaumwa, au wamechoka, au wataenda kesho. Usimwite mkatili. Mara nyingi anaogopa kumzoea mtoto anayeweza kuondoka. Usimburute, ila usimwachie siku tatu zipite hivihivi. Mpe kitu kidogo cha kufanya akiwa palepale kitandani, kama tutakavyoona.

Saa za kwanza, akiwa bado kitandani

Akiwa amepasuliwa, au akiwa chini ya uangalizi kwa ajili ya shinikizo la damu, huenda ikapita siku nzima au zaidi kabla hajafika alipo mtoto. Hapo wewe ndiye njia yao. Omba ruhusa, upige picha: uso, mkono, kidole cha mguu. Piga na video fupi ili aone kifua kinavyopanda na kushuka. Mwonyeshe mama kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, na usiziweke kwenye kundi la ukoo la WhatsApp bila idhini yake. Nimeshasikia ya mama aliyeona sura ya mwanawe kwenye "status" ya wifi yake kabla hajamwona kwa macho. Ni aibu kwa ukoo mzima.

Chukua kitambaa safi kidogo cha pamba, akiweke kifuani kwake saa kadhaa, kisha umuulize nesi kama kinaweza kuwekwa karibu na mtoto. Watoto wachanga hutambua harufu ya mama yao mapema mno. Naye mama aletewe kitambaa kilichokaa na mtoto. Kina mama wengine hupata nafuu ya kukamua maziwa wakiwa nacho mkononi.

Na maziwa ndiyo kazi ya kwanza ambayo hakuna mwingine anayeweza kumfanyia. Muulize nesi asubuhi ileile: anaanza kukamua lini? Jibu zuri ni ndani ya saa chache za kwanza. Yatakayotoka ni matone ya njano, pengine hayajazi hata kijiko cha chai, na mtu asiyejua atasema mama hana maziwa. Hayo matone ndiyo kinga ya mtoto. Yavutwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, yapelekwe wodini yakiwa na jina na saa, na wewe ndiye mpelekaji. Ukirudi mwambie umeona yakiingia mdomoni mwa mtoto. Kwa mama aliyekataa kwenda wodini, habari hiyo ina nguvu kuliko nasaha zote.

Akiweza kukaa kwenye kiti cha magurudumu, ombeni apelekwe. Uliza kwa adabu, na ukiambiwa subiri, uliza tena baadaye. Hospitali nyingi zina uhaba wa watu, na mgonjwa anayesukumwa na ndugu yake hufika mapema kuliko anayesubiri mhudumu.

Kifua cha mama

Mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na wodi iliyojaa watoto wadogo na mashine za joto zisizotosha. Akawageukia mama zao: mtoto awekwe kifuani, ngozi kwa ngozi, anyonyeshwe, na mama atoke naye hospitali mapema akiendelea hivyohivyo nyumbani. Njia hiyo ndiyo leo tunayoiita kangaruu, na chanzo chake kinawafanya watu wengi waione kama njia ya maskini, ya kutumia pale mashine zinapokosekana.

Sivyo. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani ulifanyika katika nchi tano, Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, na kwa Tanzania ulifanyika Muhimbili. Ulihusu watoto wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8. Kundi moja lilianza kangaruu mara baada ya kuzaliwa, hata kabla mtoto hajatengemaa, mama akilazwa wodi moja na mwanawe. Kundi la pili lilifuata utaratibu wa kawaida, yaani mtoto asubiri kwenye mashine mpaka hali ikae sawa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Katika siku 28 za kwanza, waliofariki walikuwa asilimia 12.0 kwa walioanza mara moja na asilimia 15.7 kwa waliosubiri, tofauti kubwa kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Mwaka 2022 shirika hilo likatoa mapendekezo mapya: kangaruu ianze mapema iwezekanavyo baada ya kuzaliwa, na iendelee kati ya saa 8 na 24 kwa siku.

Kwa hiyo ukimsikia mtu akisema mtoto atolewe kwa mama arudishwe "kwenye mashine akapate joto", ujue anayasema ya zamani, isipokuwa kama daktari ana sababu mahususi kwa mtoto huyo. Kifua cha mama huliweka joto la mtoto pale linapotakiwa, kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Tena mama aliyekaa kifua kwa kifua na mwanawe hupata maziwa zaidi, na ujauzito wake, uliokatika ghafla, ni kama unaendelea.

Mara ya kwanza nesi atamwelekeza mama, ila jifunze na wewe, maana saa tisa usiku nesi ana watoto wengine kumi. Mama anakaa ameegemea, mgongo na viwiko vimeshikiliwa na mito au hata khanga zilizokunjwa. Anavua sidiria na kufungua blauzi kwa mbele. Mtoto anabaki na nepi, kofia na soksi tu. Anainuliwa mkono mmoja ukiwa nyuma ya shingo na mabega, mwingine chini ya makalio, na kusimamishwa wima katikati ya matiti, kifua chake juu ya kifua cha mama. Kichwa kinageuzwa upande mmoja na kuinuliwa kidogo. Angalia kidevu: kikizama kifuani, njia ya hewa inabanwa. Miguu inakunjwa na kutanuka kama ya chura, na mikono nayo inakunjwa.

Halafu kinafuata kitambaa. Kitenge hufaa, na hospitali nyingine zina vitambaa vyake vya kunyumbuka. Ukingo wa juu ufike chini kidogo ya sikio la mtoto, wa chini upite chini ya makalio. Mkazo uwe usawa wa kifua cha mtoto, pale tumboni pawe na nafasi, kwa sababu njiti hupumua kwa tumbo. Fundo lifungwe na wewe, nyuma ya mama, huku mikono yake miwili ikiwa juu ya mtoto. Mbeleko ya mgongoni tuliyoizoea haina kazi hapa, itasubiri miezi.

Dakika za mwanzo mama hukakamaa. Utaona amebana pumzi, vidole vyake vimenyooka kama anaogopa kuvunja kitu. Usimsemeshe sana. Mpe maji, mwekee mto mwingine chini ya kiwiko, uzime mwanga ulio machoni pake. Taratibu mabega yanashuka. Pumzi ya mtoto iliyokuwa ikienda mbio na kusita inaanza kulingana, na ngumi yake iliyokazwa inafunguka juu ya ziwa. Hapo wewe toka nje. Hakikisha tu kuwa hakuna atakayewasumbua kwa angalau saa moja, kwa sababu kumtoa na kumrudisha mtoto kila baada ya muda mfupi kunamchosha kuliko kumwacha.

Katika wodi ya utafiti ule watoto walikaa kifuani takriban saa 17 kwa siku. Hakuna mama anayeweza saa hizo peke yake, aende msalani, aoge, ale, alale. Ndiyo maana kukawa na zamu, na zamu ni ya ukoo. Baba ana kifua. Bibi ana kifua. Dada wa mama ana kifua. Sharti ni afya njema, kutokuwa na kikohozi wala ugonjwa wa ngozi, mwili ulioogwa na usio na marashi makali, kucha fupi, pete na bangili zimevuliwa, na mikono iliyooshwa kwa sabuni hadi viwikoni. Lakini panga zamu zako zimhudumie mama. Mshikeni mtoto ili mama akaoge na alale, kisha mrudisheni kwake. Nimeona bibi wenye nia njema kabisa wakimchukua mjukuu kutwa nzima "ili mama apumzike", na mama akabaki kitandani anatazama, akiamini kuwa bibi anajua zaidi yake.

Maziwa, na nani ashike bomba

Wakati mtoto hawezi kunyonya, maziwa huenda tumboni kwa mpira mwembamba upitao puani au mdomoni. Huwekwa kwenye bomba la sindano lililo wazi juu, likainuliwa, na maziwa yakashuka yenyewe taratibu. Hayasukumwi. Manesi wengi huifanya kazi hii wenyewe kwa sababu ni haraka. Omba mama aelekezwe ashike yeye. Hilo tu, kushika bomba na kutazama mililita 10 zikishuka zote, humgeuza mtazamaji kuwa mama anayemlisha mwanawe. Mtoto akiwa kifuani wakati huo, mdomo karibu na chuchu iliyokwisha kukamuliwa, atalamba na kuanza kujaribu, na tumbo lake litakuwa linajaa palepale. Baadaye hupewa kwa kikombe kidogo, kisha ziwa lenyewe. Chupa zenye chuchu ziacheni dukani.

Kukamua hakuna mkato. Ni mara nane au zaidi kwa saa 24, usiku ukiwemo. Mama ananawa, anasugua ziwa polepole, anaweka kidole gumba juu na vidole vingine chini, nyuma kidogo ya chuchu, anasukuma kuelekea kifuani, anabana, anaachia, anazungusha vidole sehemu nyingine. Asivute chuchu. Kazi yako ni chombo safi, maji ya kunawa, saa ya kuamsha, na kutohesabu. Ukimwambia "leo yamepungua" umempunguzia na ya kesho, kwa sababu wasiwasi huzuia maziwa kushuka. Kuhusu chakula, mletee mtori, uji, samaki, maharage, mboga za majani, chochote alacho kwa hamu. Mtori ni mzuri, lakini matiti hayajui mtori, yanajua kukamuliwa.

Yakichelewa kweli, mwulizeni daktari kabla ya kumwomba jirani anyonyeshe. Kuna suala la VVU na maambukizi mengine, na kwa Waislamu kuna udugu wa ziwa unaopaswa kuandikwa na kukumbukwa. Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya maziwa ya mama mwaka 2019, ambako maziwa hupimwa na kuuliwa vijidudu kabla ya kutolewa. Kwingine huduma hiyo ni adimu. Mama anayeishi na VVU na anayetumia dawa zake vizuri asikatazwe ziwa na shemeji. Afuate maelekezo ya kliniki.

Kumsoma mtoto

Njiti huzungumza kwa mwili, na mama akijifunza lugha hiyo atajisikia anamjua. Vidole vilivyotanuka na kukakamaa, mikunjo ya paji la uso, kwikwi, chafya na miayo mfululizo, kugeuza uso pembeni, rangi kubadilika: zote ni kusema "inatosha kwa sasa". Mkono ukipelekwa mdomoni, uso ukilegea, macho yakifunguka na kutulia, basi yuko tayari kuonwa na kuongeleshwa. Waonyeshane hayo mama na baba. Wagombane hata, nani ameona kwanza.

Kumpapasapapasa kwa ncha za vidole, ambako sisi wote tunakufanya kwa huruma, humsumbua. Mkono mmoja uliotulia kichwani na mwingine ukizizunguka nyayo zilizokunjwa, bila kusogea, humpa utulivu. Mwanzo na mwisho wa kumgusa uwe wa polepole.

Sauti ya mama alikuwa akiisikia tumboni, hivyo amweleze chochote, hata bei ya nyanya. Baba atakayemwadhinia afanye hivyo kwa sauti ya chini karibu na sikio, na wanaoombea kwa kuwekea mikono wafanye vivyo hivyo; wodi ile ina watoto wengi wenye masikio machanga. Na mpeni jina. Najua wapo wanaongoja mtoto akomae au atoke hospitali. Kila ukoo na utaratibu wake, ila mtoto anayeitwa "wa kitanda namba 6" ni vigumu kumzoea. Kama jina rasmi linasubiri siku yake, mama awe na lake la kumwita.

Mama mwenyewe

Kulia siku chache baada ya kujifungua ni kawaida. Kama wiki mbili zimepita na bado hana hamu ya lolote, hali, halali hata mtoto akiwa salama, anasema mtoto angekuwa bora bila yeye, au ana mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, hiyo ni sonona na ina matibabu. Mpeleke siku hiyohiyo; kwa hayo mawazo ya mwisho usimwache peke yake hata dakika moja. Msimpeleke kwanza kwa mtu wa kumtoa mapepo.

Kabla ya kufika huko, msaidieni kwa mambo madogo yenye gharama. Nauli. Malipo ya hospitali, ambayo mara nyingi ndiyo yanayomkosesha usingizi kuliko mashine. Watoto waliobaki nyumbani, nani anawaogesha. Biashara yake ya genge au mchango wake wa kikoba, nani anaushikilia. Kwa walioajiriwa Tanzania Bara, sheria ya mwaka 2004 inatoa siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 kwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mei Mosi ya 2024 serikali ilitangaza kuwa kwa mama wa njiti muda uliobaki kufikia wiki 40 za ujauzito usihesabiwe ndani ya likizo hiyo, na sheria za kazi zikarekebishwa mwaka 2025 kwa msingi huo. Jambo hilo lilipiganiwa na watu kama Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa na gramu 900 na akaanzisha taasisi ya kusaidia watoto njiti. Ombeni daktari aandike wazi umri wa ujauzito siku ya kujifungua, mume au ndugu apeleke barua kazini. Mama lishe na mkulima hawana mwajiri wa kumwandikia barua. Likizo yao ni ninyi.

Na wapo watoto ambao hawaponi, hata baada ya kufanyiwa kila kitu. Ikitokea, msiharakishe kumficha maiti ili "mama asiumie". Muulizeni kama anataka kumshika, kumvisha, kumwangalia uso, na mazishi yamsubiri kama anaweza kuhudhuria. Aliyekaa naye kifuani siku mbili ni mama yake kama aliyekaa naye miaka miwili, na anahitaji kufiwa kama watu wengine wanavyofiwa.

Kurudi nyumbani

Desturi ya arobaini, mzazi akikaa ndani na kuhudumiwa, inamfaa njiti kuliko mtoto mwingine yeyote. Itumieni, ila ianze upya siku anayotoka hospitali. Wageni wachache, wenye mafua wasalimie dirishani, moshi wa jiko na wa sigara uwe mbali. Kangaruu iendelee hadi mtoto mwenyewe aikatae kwa kujinyonganyonga na kutokwa jasho, kwa kawaida akikaribia kilo 2.5 au siku zake za kuzaliwa zilizotarajiwa. Usiku mama alale ameegemea mito, mtoto kifuani. Akilazwa peke yake, alale chali mahali pagumu pasipo na mito.

Ugomvi utakaokuja ni wa kulinganisha. "Mtoto wa fulani walizaliwa mwezi mmoja, yule anacheka, wenu vipi?" Jibu ni hesabu. Aliyezaliwa wiki ya 30 alitangulia kwa wiki 10. Akiwa na umri wa miezi mitano, mtarajieni mambo ya mtoto wa miezi miwili na nusu. Tabasamu la kumjibu mtu huja kama wiki 6 hadi 8 baada ya tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Mama asiyejua hili huhesabu kuanzia siku ya kujifungua, na tabasamu lisipokuja anaamini mtoto hampendi. Chanjo zenyewe hufuata tarehe halisi ya kuzaliwa, labda daktari aseme vingine.

Kimbieni hospitali, usiku au mchana, mtoto akisita kupumua au kupumua kwa shida kifua kikibonyea ndani, akibadilika kuwa wa bluu midomoni, akiwa wa baridi asipate joto hata kifuani au akiwa na homa, akigoma kunyonya, akipata degedege, tumbo likivimba, au manjano yakifika viganjani na nyayoni. Akiacha kupumua mbele yenu, msugueni mgongo au nyayo mara moja huku mmoja akitafuta usafiri, na mkiwa njiani abaki kifuani.

Kuna tarehe moja ambayo familia nyingi huikosa. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 32, au akiwa na uzito chini ya kilo 1.5, anahitaji kupimwa macho na mtaalamu, kwa kawaida wiki ya 4 hadi ya 6 baada ya kuzaliwa, kwa sababu mishipa ya damu nyuma ya jicho inaweza kukua vibaya na kumpofusha bila dalili yoyote inayoonekana kwa nje. Ikigunduliwa mapema hutibika. Masikio nayo yapimwe. Msitoke hospitali bila tarehe hizo kuandikwa kwenye kadi, na siku ikifika, wewe ndiye uende nao.